Aliyefika wa Mwisho Ndiye Aliyetikisa Ardhi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya kuku aliyenyeshewa. Rudieni, na wakubwa pia mtoe sauti, msijifanye mna heshima. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na mabaraza na wenye mabaraza walikuwa na maneno mengi, palikuwa na bonde. Bonde refu, refu. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule ukuta wa mlima, katikati nyasi na chemchemi za maji ya moto. Maji yanatokota bila kuni, mvuke unapanda, fuu! fuu! Wenyewe wakaliita Bonde la Mvuke.

Na ardhi ya bonde hilo ilikuwa na tabia yake. Ilikuwa inatikisika. Mwaka huu mara moja, mwaka ujao mara mbili, mwaka mwingine kimya jii, mpaka watu wakasahau. Halafu siku hiyo umeinama unakunywa maji yako, mara, gu-gu-gu-guu! Maji yanakurukia usoni, miguu haijui pa kukanyaga.

Wanyama waliogopa. Nani asiogope? Wewe unayecheka huko nyuma, ungekuwa wa kwanza kupanda mgongoni kwa mama yako.

Basi wakajiwekea sheria. Sheria ilikuwa hivi. Ardhi ikitikisika, wote mbio, mpaka chini ya Jabali. Jabali lilikuwa mwamba mkubwa uliotokeza ubavuni mwa mlima, umeinama mbele kama paji la uso, na chini yake pana uwanja mpana wenye kivuli. Walilipenda Jabali kwa sababu moja tu: walikuwa hawajaliona likisogea. Wakisema, mahali pasiposogea ndipo pa kukimbilia.

Wakifika pale, Pimbi anapanda juu ya jiwe lake. Mnamjua Pimbi? Mdogo kama sungura, hana mkia, anaishi kwenye nyufa za mwamba, na sauti yake hailingani na mwili wake. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa baraza. Anahesabu wanaoingia. Anapaza sauti:

"Nani hajaja? Nani hajaja?"

Na yule atakayeingia wa mwisho, huyo ndiye mwenye kosa. Baraza zima linaitikia:

"Aliyefika wa mwisho ndiye aliyetikisa ardhi!"

Kwa nini? Pimbi alikuwa na maelezo yake. "Mwenye hatia miguu yake huwa mizito," alisema. "Asiye na hatia hukimbia." Wakaona ana akili sana.

Mara ya kwanza alichelewa Kobe. Wakamfukuza, akavuka Uwanda wa Chumvi kwenda zake. Mara ya pili akachelewa Kinyonga. Kinyonga alikuwa bado anafikiria aanze na mguu upi. Wakamfukuza. Mara ya tatu akachelewa Konokono. Huyo alifika kesho yake, asubuhi, anawauliza kuna nini. Wakamfukuza naye.

Je, ardhi iliacha kutikisika?

Haikuacha!

Haikuacha. Lakini hakuna aliyeuliza.

Sasa, chini ya nyasi za bonde lile aliishi Bi Fuko. Fuko ni mdogo, anaenea kwenye viganja viwili. Meno yake ya mbele ni marefu, yanachimba. Macho yake ni punje mbili za mtama, hayaoni kitu. Lakini sharubu zake! Na miguu yake! Mchwa akikohoa hatua mia moja kutoka hapo, Fuko anajua. Maisha yake yote alikuwa chini: kuchimba, kula viazi pori, kulala, kuchimba tena. Na msimu ule alikuwa amejifungua wana wanne, wekundu, laini, hawajaota hata unywele mmoja.

Siku hiyo asubuhi, amewakumbatia wanawe, akasikia kwa mbali mguno. Mguno ukaja. Ukaja. Ukafika: gu-gu-gu-guu! Vumbi likamwagika, dari ya shimo ikapasuka. Fuko akamshika mtoto wa kwanza kwa meno, akatoka naye, akamweka nyasini. Akarudi, wa pili. Akarudi, wa tatu. Akarudi, wa nne. Halafu akaanza safari ya Jabali. Haoni njia. Anambeba huyu hatua kumi, anarudi kumchukua yule hatua kumi.

Mlikuwa mnategemea afike wa ngapi?

Wa mwisho!

Wa mwisho kabisa. Jua limeshapanda. Alipoingia chini ya Jabali na mtoto wa nne mdomoni, alikuta wote wameshakaa. Pimbi juu ya jiwe akakohoa.

"Bi Fuko," akasema, "umefika."

"Nimefika, bwana Pimbi. Poleni jamani. Nilikuwa nabeba watoto."

"Aliyefika wa mwisho," akasema Pimbi.

"Ndiye aliyetikisa ardhi!" baraza likaitikia.

Fuko akashusha mtoto chini. "Mimi? Mimi nitikise ardhi?"

"Si unachimba?" akasema Pimbi. "Mchana kutwa unachimba. Umeitoboa ardhi yetu mpaka imekuwa chujio. Itaachaje kutikisika? Mzee, sheria ni sheria. Aende Uwanda wa Chumvi."

Mzee alikuwa Kifaru. Kifaru alikuwa mwenyekiti wa baraza kwa sababu ya uzito wake, na tangu awe mwenyekiti alikuwa hajawahi kufika wa mwisho, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumpita wala kumzuia. Macho yake nayo si mazuri sana. Aliyoyajua mengi ni yale aliyoambiwa na Pimbi.

Uwanda wa Chumvi, mnajua ulivyo? Kobe ana nyumba mgongoni, anaweza kuuvuka. Lakini fuko? Ardhi yake ngumu kama kigae, huingizi hata kucha. Jua kali. Fuko na wanawe wasingemaliza siku moja. Na kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

Kifaru akapumua kwa nguvu. "Hao watoto wameota manyoya?"

"Bado, Mzee," akasema Fuko.

"Desturi haituruhusu kumfukuza asiyeota manyoya. Siku sita. Wakiota, utaondoka nao."

Fuko akawarudisha wanawe shimoni, mmoja mmoja. Akaziba mlango. Akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana huzuni inakubali na yeye hakukubali.

Jirani yake alikuwa Nungunungu. Huyo naye anaishi shimoni, tena ni mwenye maneno machache na miiba mingi. Akaja akabisha.

"Shoga, unalia?"

"Nalia. Shoga, mimi sikutikisa kitu."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Sijui ninavyojua," akasema Nungunungu. "Lakini kama ni kuchimba, na mimi nachimba. Mbona sitajwi? Kwa sababu nina miiba."

Fuko akafuta pua. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Wakashuka. Wakashuka sana, kwenye shimo la zamani alilolichimba bibi yake Fuko, mpaka Nungunungu akaanza kulalamika kwamba miiba yake inakwaruza dari. Chini kule palikuwa na ufa. Ufa mwembamba, mrefu, unaopasua mwamba na kwenda zake usikojulikana. Na juu ya ufa umepita mzizi wa mgunga, kutoka upande huu hadi upande ule.

"Ushike," akasema Fuko.

Nungunungu akaushika. Mzizi ulikuwa umekazwa ndi, kama uzi wa zeze.

"Bibi yangu aliponifundisha kuchimba," akasema Fuko, "mzizi huu ulikuwa umelegea. Alikuwa akiuruka kama kamba. Mama yangu alipokuwa hai ulikuwa umenyooka. Leo umekazwa hivyo. Mzizi haujavutwa na mtu, shoga. Upande huu na upande ule vinaachana."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Ardhi tunayoikanyaga si kitu kimoja. Huko chini imekatika vipande vikubwa, kipande kimoja kinabeba nchi na nchi. Vingine vinasukumana, vingine vinapishana, na vingine vinaachana, kama kwenye bonde lile. Vinakwenda pole pole, mwaka mzima havisogei hata mapana ya kidole. Lakini miamba imeshikana kwenye ufa. Inavutwa, haiachii. Inavutwa, haiachii. Wewe, shika kijiti hicho, kipinde. Kipinde zaidi. Zaidi.

Kacha!

Umesikia mkono ulivyokuuma? Ndivyo miamba inavyoachia. Na ikiachia, mtikisiko unakimbia pande zote, kama viwimbi ukitupa jiwe bwawani. Fuko hakuyajua yote hayo. Alijua ufa, alijua mzizi, na alijua kwamba mguno ulianzia chini ya mahali asipowahi kufika mchimbaji yeyote.

"Waambie basi," akasema Nungunungu.

"Nimwambie nani? Nani atashuka huku? Kifaru? Pua yake tu haiingii mlangoni. Nataka kitu watakachokiona wakiwa juu, kwa macho yao, maana macho wanayo."

Wakakaa wakafikiri. Fuko anafikiri kwa kutafuna, Nungunungu anafikiri kwa kujikuna. Katika kujikuna, mwiba mmoja ukadondoka. Ti! Fuko akaupapasa kwa sharubu. Mwiba mrefu, ncha kali, una pete: pete nyeusi, pete nyeupe, pete nyeusi, pete nyeupe, zimefuatana mpaka mwisho.

Fuko akasimama. "Shoga, nimepata! Huu ndio utakaonisemea."

Kwenye nyasi, mbali na mlima, palikuwa na shimo pana lililoachwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, liko wazi juu, mgunga umeliinamia. Wakaenda hapo. Wakatafuta jiwe zito, la duara. Wakalifunga kwa mzizi, wakalining'iniza kwenye tawi linalopita juu ya shimo. Chini ya jiwe wakafunga mwiba, ncha chini. Chini ya ncha wakatandaza udongo wa mfinyanzi, mbichi, laini, ncha inaugusa kidogo tu.

"Sasa?" akasema Nungunungu.

"Sasa, jiwe ni zito na ni vivu. Ardhi ikicheza, udongo utacheza nayo. Jiwe litakawia. Na mwiba utachora."

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, Fuko akachimba kando ya shimo lile, akachimba kwa ghadhabu, futu! futu! futu! akarusha udongo mpaka Nungunungu akawa mwekundu. Akauliza, "Umechora?" Nungunungu akatazama. "Haujachora hata alama ya nzi."

Siku ya tatu, mwiba ukachora wenyewe, chwii, na hakuna aliyesikia kitu juu ya ardhi isipokuwa miguu ya Fuko. Kamstari kadogo, nusu pete. Siku ya nne asubuhi likapita tetemeko ambalo kila mtu alilisikia. Kanga walipiga kelele, nyani wakashuka mitini, lakini lilikwisha kabla miguu haijaamua kukimbia. Fuko akaenda kwenye udongo akapapasa mstari kwa sharubu zake, akaupima kwa mwiba mwingine.

"Pete mbili kamili," akasema. Akaufunika ule udongo kwa majani, ukauke na mstari wake. Akatandaza mwingine mbichi.

Siku ya tano akawapapasa wanawe. Kichwani, mgongoni. Manyoya! Laini kama ukungu, lakini ni manyoya. Mama mwingine angefurahi. Fuko alikaa nao kutwa nzima bila kutafuna kitu.

Siku ya sita ikafika. Akatoka na wanawe wote wanne, kwa maana akishindwa, safari ya Uwanda wa Chumvi itaanzia hapo hapo. Baraza limekaa chini ya Jabali, pamejaa pomoni. Pimbi juu ya jiwe. Lakini Fuko hakuingia. Alisimama mbali, nyasini, kwenye jua.

"Ingia usikie hukumu!" akaita Pimbi.

"Siingii. Jiwe lililo juu ya vichwa vyenu sitaki kukaa chini yake. Mzee Kifaru! Nina neno moja na wewe."

"Sema," akasema Kifaru.

"Mzee, katika bonde hili, nani mzito?"

Kifaru akatabasamu. Lilikuwa swali alilolipenda. "Mimi."

"Ukikanyaga, ardhi inatikisika?"

"Inatikisika kabisa."

"Nina kitu kinachopima. Njoo ukanyage, tuone."

Haya, mngefanya nini? Kifaru akainuka. Hajawahi kupimwa maisha yake yote, na alikuwa na hamu. Akatoka chini ya Jabali, na Kifaru akitoka nani anabaki? Ngiri wakafuata, nyani wakafuata, kanga, swala, punda milia, wote wanataka kuona Mzee anavyokanyaga. Pimbi akabaki juu ya jiwe anasema, "Jamani, baraza halihami! Baraza halihami!" Mwisho akaona anasema na kivuli chake, akashuka naye.

Wakazunguka shimo. Nungunungu akaonyesha jiwe, mwiba, udongo. Kifaru akainua mguu, akashusha. Puu! Vumbi likapanda.

"Umechora?" akauliza.

"Umechora, Mzee," akasema Nungunungu. "Tazameni. Urefu wa ukope."

"Ukope?" Kifaru akakasirika. "Kanyageni wote!"

Wakakanyaga wote. Puu! Puu! Kwata kwata kwata! Kanga nao wanakanyaga kwa vidole vyao vile. Nungunungu akapima. "Robo pete."

"Na huu," akasema Fuko, akafunua udongo uliokauka, "ni wa siku ya nne asubuhi. Wa lile tetemeko lililowashtua kidogo tu."

Wakatazama. Mstari mrefu, umenyooka. "Pete mbili!" akasema Ngiri.

"Sasa niamuruni nichimbe," akasema Fuko.

"Chimba," akasema Kifaru, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Fuko akachimba kwa nguvu zake zote. Wote wameinama wanatazama mwiba. Tuli. Ukaendelea kuwa tuli. Nyani mmoja akaanza kucheka, akafunika mdomo.

"Mzee," akasema Fuko, "wewe na watu wako wote hamfikishi nusu pete. Mimi sifikishi hata alama ya nzi. Aliyechora pete mbili ni nani?"

Kifaru akainamisha pua juu ya ule mstari mrefu. Pimbi akaona mambo yanamponyoka. "Mzee! Hizo ni hila za shimoni! Sheria haizungumzii miiba, inazungumzia aliyechelewa. Na hukumu inatolewa chini ya Jabali, haitolewi kwenye majani kama malisho ya mbuzi. Turudi!"

Neno la desturi lina nguvu, jamani. Wengine wakageuka. Na Kifaru naye akageuza kichwa.

Hapo Fuko akasikia miguuni. Mguno. Mbali. Unakuja.

"Laleni chini!" akapiga kelele. "Laleni hapa hapa nyasini! Msikimbilie Jabali!"

Gu-gu-gu-gu-GUUU!

Ardhi ikapanda, ikashuka. Miti ikainama huku, ikainama kule. Chemchemi za moto zikaruka juu, shwaa! Na wanyama, mnadhani walisikia la Fuko? Miguu ilikuwa imezoea. Miguu ikaelekea Jabali. Mbele yao wote Kifaru, maana ndiye wa mbele siku zote. Akapiga hatua tatu, ardhi inamyumbisha kama mlevi, na katika hatua ya tatu akakumbuka ukope. Uzito wake wote, ukope mmoja. Akajua kwamba kinachomyumbisha sasa hakijali yeye ni nani, wala hakijali sheria yake. Akajitupa chini, akalala kukatisha njia, kama gogo.

"Laleni!" akanguruma.

Walio nyuma wakamgonga, tifu! tifu! wakaangukiana, wakalala. Pimbi peke yake, kwa vile ni mdogo, akapita kati ya mguu na tumbo la Kifaru akaenda zake mbio mpaka chini ya Jabali.

Na Jabali, lile lisilosogea, likasogea. Paji la uso likapasuka, krrr, likaporomoka lote. Kishindo chake kiliwaziba masikio. Vumbi lilipotulia, pale palipokuwa na uwanja wa baraza palikuwa na lundo la mawe urefu wa twiga wawili.

Kila mmoja alikuwa anapatazama pale alipokuwa amekaa asubuhi.

Akalia swala mmoja. Halafu Ngiri akauliza, "Pimbi yuko wapi?"

Fuko akaweka miguu yake chini, akatulia. Akasikia, mbali ndani ya mawe, kucha ndogo zinakwaruza. "Yuko hai. Yuko kwenye ufa, chini ya lundo."

Kifaru akasimama. "Nitayavunja kwa pembe."

"Usiyaguse, Mzee! Ukigonga moja yatashuka yote. Yeye anatolewa kwa chini." Akavipapasa vichwa vya wanawe. Maana aliyejua kupita kwa chini ni mmoja. Na alijua jambo jingine: tetemeko kubwa likishapita, madogo hufuata. Akauliza, "Shoga, mwiba unasemaje?"

Nungunungu alikuwa kwenye shimo la kupimia. "Ule mstari mkubwa umetoka nje ya udongo, sina cha kupimia. Baada yake imekuja mingine. Pete tatu. Sasa hivi mbili na nusu."

Wakangoja. Ardhi ikatetema. "Pete moja!"

Wakangoja tena. "Nusu!"

"Inashuka," akasema Fuko. "Haijaniahidi kitu, lakini inashuka." Akawasogeza wanawe kwa Nungunungu, mmoja mmoja. "Nisiporudi, wafundishe kuchimba. Na wasichimbe kuelekea mlimani."

"Bi Fuko," akasema Kifaru, "huyu ndiye aliyetaka ufe."

"Najua. Namsikia anavyokwaruza, Mzee. Anakwaruza kama watoto wangu."

Akaingia ardhini. Futu, futu, futu. Juu wote wamelala wameweka masikio kwenye udongo, hata nyani. Mara moja ardhi ikatetema, wakashikana. Futu, futu. Kimya. Kimya kirefu. Nungunungu akawakumbatia watoto wanne kwa upande wake usio na miiba.

Futu.

Udongo ukainuka. Pua ya Fuko ikatokeza. Nyuma yake, ameuma kijipindo cha ngozi kama anavyobeba wanawe, akamvuta Pimbi. Mzima. Mweupe pee kwa vumbi, anatetemeka.

Wakapiga kelele za furaha! Halafu kelele zikafifia, moja moja. Maana wote walikuwa pale, wamekusanyika, na Pimbi ndiye aliyekuwa amefika wa mwisho. Hakuna asiyeliona. Pimbi mwenyewe aliliona kabla yao, akajikunja.

Kifaru akasema, "Bi Fuko, wewe ndiye uliyeonewa. Sema wewe."

Fuko akamgeukia Pimbi. "Bwana Pimbi, ni wewe uliyetikisa ardhi?"

"Mimi?" sauti yake haikusikika vizuri. "Mimi nilikuwa nakimbia tu. Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa nabeba watoto tu."

Pimbi akainamisha kichwa, akalia mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka. Kisha akasema, "Na Kobe alikuwa anatembea tu. Na Kinyonga. Na Konokono." Ndipo wakaanza kulia na wengine.

Siku hiyo hiyo sheria ya Jabali ilikufa. Wakaweka nyingine: ardhi ikitikisika, tokeni mlimani, tokeni chini ya mawe, laleni nyasini, na mwenye nguvu ambebe asiye na nguvu. Shimo la Fuko lilikuwa limefukiwa lote, hivyo wakamsaidia kuchimba jipya karibu na jiwe la kupimia. Kifaru alichimba kwa pembe, akatoa shimo la kutosha ng'ombe, Fuko akamshukuru na kulipunguza baada ya yeye kuondoka. Na ardhi ikitikisika hakuna tena aliyeuliza "Nani?" Waliuliza, "Pete ngapi?" Nungunungu anapima, watoto wa Fuko wanapapasa kwa sharubu zao, wanajibu.

Pimbi alivuka Uwanda wa Chumvi kwa miguu yake kwenda kuwaita waliofukuzwa. Sauti yake kubwa safari hii ilifaa. Kobe akarudi baada ya mwezi. Kinyonga akarudi baada ya mvua za vuli, alikuwa anafikiria. Konokono, mvua mbili zikapita, hajaonekana, na watu wakaanza kusema hatakuja tena. Pimbi akawa anakaa mpakani kila asubuhi anatazama. Siku moja akaona kitu kinameta juu ya chumvi, kinakuja, kinakuja, hakijafika.

"Amekuja!" akapaza sauti. "Wa mwisho amekuja!"

Bonde zima likatoka kwenda kumpokea.

Funzo langu ni hili, na sitalificha. Jambo likikutisha na hulielewi, usitafute wa kumbebesha, kwa maana utamwona tu yule mnyonge aliye nyuma. Tafuta sababu yake, ulipime, ujue pa kusimama. Na mwenzako akichelewa, kwanza muulize amebeba nini.

Hadithi yangu imekomea hapo, na ardhi chini yenu iko tuli. Nyoosheni miguu.